Figo ya Mashine na Maji ya Ini

Ankoro imekaa pale Mto Luvua unapoingia Lualaba, katika jimbo la Tanganyika, Kongo ya mashariki. Kutoka hapo maji yanateremka hadi Kabalo, ilikoanzia reli iliyofika Kalemie mwaka 1915. Kwa mtu wa huko ambaye figo zake zimekufa, safari ndefu ni mzigo mzito, maana damu yake hudai kusafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne hivi. Na tumbo lake likianza kujaa maji, ndugu zake huuliza swali la haki kabisa: mashine inayotoa maji mwilini inaliachaje tumbo limevimba? Jibu lake lilichukua karibu miaka mia moja kupatikana.

Mwanzo wake ni Thomas Graham, mkemia wa Uskoti. Mwaka 1861 alionyesha kwamba utando mwembamba huruhusu chembe ndogo kupita na kuzuia zile kubwa, na kwa njia hiyo aliweza kuitoa urea ndani ya mkojo. Kitendo hicho alikiita dialisisi. Hakuwa na mgonjwa mbele yake, ila kanuni aliyoiacha ndiyo inayofanya kazi hadi leo.

Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Starling aliongeza nusu ya pili ya jibu. Alieleza kwamba maji ya damu yamo katika mvutano wa nguvu mbili. Msukumo wa damu huyatoa nje ya mishipa midogo, na protini zilizomo ndani ya damu huyavuta yarudi. Protini kuu katika kazi hiyo ni albumini, na kiungo pekee kinachoitengeneza ni ini.

Hapo ndipo ini linapoingia katika habari ya figo. Kama Ankoro, ini hupokea mito miwili: mshipa mkubwa unaotoka kwenye matumbo, unaoleta takriban robo tatu ya damu yake, na ateri inayotoka upande wa moyo. Ini likijaa makovu, damu ya matumbo hukosa njia, msukumo hupanda, na maji huchuruzika hadi kwenye uwazi wa tumbo. Albumini nayo hupungua, kwa hiyo nguvu ya kuyarudisha hudhoofika. Katika nchi za mito na maziwa za Kongo ya mashariki, kichocho cha matumbo ni miongoni mwa magonjwa yanayoweza kuliachia ini makovu ya namna hiyo; homa ya ini aina ya B ni ugonjwa mwingine wa aina hiyo.

Mashine yenyewe ilizaliwa vitani. Huko Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, daktari kijana Willem Kolff alizungusha mrija wa selofani, ule wa kutengenezea soseji, kwenye pipa la vipande vya mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alianza kuwatibu watu mwaka 1943, na wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Septemba 1945 aliletewa Sofia Schafstadt, mama wa miaka 67, aliyezimia. Ugonjwa wake ulianzia jirani kabisa na ini: kifuko cha nyongo kilikuwa kimevimba, mwili umegeuka manjano, na baada ya dawa za salfa figo zikakoma kutoa mkojo. Baada ya saa kumi na moja na nusu za kusafishwa damu alizinduka, na aliishi miaka kadhaa zaidi.

Mashine ya Kolff iliondoa sumu, lakini haikuwa hodari kwa maji. Kazi hiyo aliifanya Nils Alwall wa Lund, Sweden, mwaka 1946. Aliubana utando kati ya kuta mbili ngumu ili uweze kuhimili msukumo, na msukumo huo ukayakamua maji kutoka kwenye damu. Tangu hapo daktari aliweza kupanga ni lita ngapi zitoke.

Lakini zitoke wapi? Mashine hugusa damu peke yake. Maji yaliyo nje ya mishipa hayana budi kurudi kwanza ndani yake, na kinachoyarudisha ni nguvu ile ya Starling. Maji ya miguu na mapafu hurejea kwa wepesi kiasi. Yale ya tumbo huchelewa mno. Lita mbili au tatu zikiondolewa kwa pupa, mwili huikaza mishipa ya matumbo na ini, na kuisukuma akiba yake ya damu kuelekea moyoni. Ini lenye afya huvumilia. Ini lenye makovu hukosa damu ya kutosha, presha huanguka, na tumbo hubaki limejaa vilevile. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa aina hii madaktari huondoa maji polepole, hupunguza chumvi katika chakula chake, na pengine hutoa maji ya tumbo kwa sindano.

Iko pia njia inayopitia tumboni kwenyewe. Mwaka 1923 Georg Ganter wa Ujerumani alijaribu kuutumia utando wa ndani ya tumbo kama chujio. Njia hiyo haihitaji mashine kubwa, huondoa maji taratibu, na huweza kuyatoa hata yale yaliyokusanyika tumboni. Kufikia mwaka 2012, hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ilikuwa tayari inaitumia kuwaokoa watu ambao figo zao zimezimika ghafla.

Kwa hiyo, wewe unayemuuguza ndugu, usimshurutishe muuguzi akaushe tumbo kwa siku moja. Mweleze mapema kama ini liliwahi kuugua. Na kabla ya kufika huko, kichocho hutibika kwa vidonge vya prazikwanteli, na kinga ya homa ya ini B imo katika chanjo ya watoto wachanga, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mpeleke mtoto akachanjwe.