Kaa wa Lindi na Njia Isiyofika Nkowe

Mtu wa Nkowe, kule Ruangwa, akitaka kitoweo cha bahari hana haja ya kuiona bahari. Ng'onda, papa na dagaa wamekuwa wakipanda bara ya Lindi tangu zamani, wakiwa wakavu na wenye chumvi ya kutosha. Kaa hajawahi kujiunga na safari hiyo. Sitashangaa akiwapo aliyewahi kupandisha wawili watatu kwenye ndoo kwa ajili ya mkwewe, lakini biashara ya kaa haikujengeka huko. Anayemtaka huteremka mwenyewe hadi pwani.

Sababu ya kwanza imo mwilini mwa kaa. Akishakufa, nyama yake huharibika ndani ya saa chache, na kumwanika hakusaidii kwa kuwa nyama imefichwa na gamba ambalo chumvi hailipenyi. Samaki hupasuliwa akalazwa juani. Kaa sharti afike jikoni yu hai. Misafara ya karne ya 19 iliyoshuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi Kilwa Kivinje na Lindi, na pembe za ndovu na watumwa, ilirudi bara na nguo, shanga na chumvi. Katika mzigo wa kichwani, wa siku nyingi za mwendo, hapakuwa na nafasi ya kiumbe wa kulowanishwa njiani.

Sababu ya pili ni kwamba hata pwani penyewe kaa hakuwa na heshima kubwa. Wengi wa Waislamu wa pwani hii hufuata madhehebu ya Shafii, na wamo wanazuoni wa madhehebu hayo waliomtoa kaa katika vilivyo halali, kwa hoja kwamba anaishi majini na nchi kavu. Wengine wakamla bila wasiwasi. Basi katika nyumba moja kaa alipikwa na katika nyumba ya jirani hakuingia. Ukichanganya hilo na taabu ya kumbangua, utaona kwa nini changu na kolekole walimtangulia sokoni.

Kaa ninayemzungumzia ni yule mkubwa wa kwenye mikoko, ambaye wengi humwita kaa koko. Jina lake la kitaalamu lilianza kwa Peter Forskål, mwanasayansi aliyekuwa katika msafara wa Denmark ulioondoka kwenda Arabuni mwaka 1761. Forskål alifia Yemen mwaka 1763, na maandishi yake yakachapwa mwaka 1775. Leo kaa huyo anaitwa Scylla serrata. Kwa muda mrefu wataalamu walimchanganya na ndugu zake wa Asia, hadi mwaka 1998 utafiti ulipowatenganisha kuwa aina nne. Anayepatikana pwani ya Afrika Mashariki ni huyu mmoja tu.

Historia ya kaa haitengani na historia ya mikoko. Majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka pwani hii kwenda Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na Wajerumani walipoingia waliitazama misitu hiyo kwa jicho la hesabu. Mwaka 1898 waliiweka mikoko ya delta ya Rufiji chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1928 Waingereza wakaitangaza mikoko ya Tanganyika kuwa hifadhi. Hesabu yao ilikuwa ya nguzo na magome. Kaa aliyechimba shimo chini ya mizizi hakuwamo. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku ukataji mwaka 1987, na mwaka 1991 Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaandaa mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara. Mlaji wa kaa ana deni kwa watu wa namna hiyo, maana mikoko ikikatwa, matope hubaki wazi na kaa huhama.

Kulikuwa na kipindi ambapo bara ya Lindi ingeweza kupata kaa mbichi kwa urahisi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliifanya Nachingwea kuwa moja ya vituo vyake vitatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Ikajengwa reli kutoka ghuba ya Lindi, na baadaye kutoka bandari mpya ya Mtwara. Treni ingefikisha kapu la kaa katika siku moja. Lakini reli ile ilijengwa kuteremsha karanga, na karanga zenyewe hazikuonekana. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Kwa mtazamo wangu, hakuna miundombinu iliyogharimu fedha nyingi kusini ikaacha faida ndogo kama ile.

Njia iliyomfungua kaa ilikwenda upande mwingine. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, gari la kutoka Lindi au Kilwa halikutegemea tena kivuko cha Mto Rufiji. Wakati huohuo wanunuzi walikuwa wanatafuta kaa hai kwa ajili ya masoko ya Asia, hasa China. Kaa aliyefungwa magando kwa kamba, akafunikwa gunia bichi na kuwekwa kivulini, huishi siku kadhaa nje ya maji mradi matamvua yake yasikauke. Jambo hilo wavuvi walilijua siku zote. Kilichokuwa kipya ni ndege na bei. Hivyo kaa wa matope ya kusini akawa anakula safari ya maelfu ya kilomita, na Nkowe, iliyo saa chache tu kutoka baharini, ikaendelea na ng'onda. Mwanzoni mwa 2020, korona ilipoyumbisha masoko ya China, wafanyabiashara wa kaa walionja hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja wa mbali.

Biashara hiyo ilileta pia vizimba vya kunenepesha kaa kwenye mikoko. Kaa mwepesi aliyetoka kujivua gamba hulishwa mpaka ajae nyama. Ni kazi nzuri, ila ina kasoro moja: wanaotiwa kizimbani wengi huokotwa porini wakiwa wadogo, na wasipobaki wa kuzaa, kizimba nacho kitakauka.

Sasa tuje kwa anayetaka kula. Wakati mzuri wa kumtafuta ni bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapokupwa mbali na matope yakabaki wazi. Mvuvi hutafuta shimo lenye tope bichi mdomoni, kisha huingiza fimbo ndefu yenye kulabu. Kazi hiyo haifai kujaribiwa na mgeni kwa mkono mtupu. Gando la kaa mkubwa huvunja kidole. Ukinunua, chagua anayepigana, aliye mzito kuliko anavyoonekana. Bonyeza gamba upande wa chini: likibonyea, huyo ametoka kujivua na ndani ni maji. Kigamba cha tumboni cha dume ni chembamba, cha jike ni kipana.

Jikoni hahitaji mengi. Mfungue, toa matamvua, mkate vipande, pasua magando kwa mchi. Vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, ndimu, tui jepesi kwanza, tui zito mwishoni. Wali au ugali wa muhogo, vyote vinamfaa. Kula kwa mikono, na usivae shati jeupe.

Barabara za siku hizi zinaruhusu kapu litoke Lindi alfajiri na kufika Ruangwa kaa wakiwa bado wanachezesha miguu. Wewe wa Nkowe mwenye pikipiki au jamaa kwenye basi, jaribu: agiza siku za bamvua, sisitiza wafungwe magando na gunia lilowanishwe, na ukimkuta jike mwenye mayai tumboni, mwambie mvuvi amrudishe majini. Jike huyo huenda bahari kuu kuangua mayai yanayopita milioni moja.