Ufundi wa magari Kampala: njia za kuujifunza na uzito wa cheti

Gereji za Kampala zimelea mafundi wengi ambao hawakupita chuoni. Wengi wao wanaijua kazi, lakini hawana karatasi inayowashuhudia. Makala haya yanaeleza njia zilizopo za kujifunza ufundi wa magari katika mji mkuu wa Uganda, namna fundi wa mtaani anavyoweza kupimwa na kupewa cheti, na mambo ambayo mzazi au kijana anapaswa kuyauliza kabla ya kulipa ada.

Mambo muhimu

- Ufundi wa magari hujifunzwa kwa uanagenzi wa gereji, kwa masomo ya chuo, au kwa kuchanganya yote mawili.
- Fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa kwa vitendo na kupewa cheti bila kurudi shule.
- Magari yenye kompyuta na yale ya haibridi yamebadili maarifa anayohitaji fundi.
- Mkimbizi anaruhusiwa na sheria ya Uganda kufanya kazi, na ufundi ni mojawapo ya milango yake.

Mji wa magari yaliyokwisha kutumika

Magari mengi yanayoonekana katika barabara za Kampala yalitumika kwanza Japani, yakashushwa katika bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakasafirishwa hadi Uganda. Gari la namna hiyo hufika likiwa limekwisha kutembea maili nyingi, na hivyo kazi ya fundi huanza mapema.

Historia ya nchi nayo imeyapa mafunzo ya mtaani nguvu. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, ambao wengi wao walikuwa wakimiliki biashara na karakana. Katika miaka ya uhaba iliyofuata, mafundi wa Katwe walijipatia sifa ya kufua, kuchomea na kuunda wenyewe vipuri ambavyo havikupatikana dukani. Karibu na Nakivubo, soko la Kisekka, lililopewa jina la Samson Kisekka aliyekuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1986 hadi 1991, likawa mahali pa kutafutia spea za kila aina. Ndeeba na Kisenyi pia zimejaa gereji ambazo kijana huingia akiwa hana kitu ila nia ya kujifunza.

Njia ya gereji

Mwanagenzi wa gereji huanza chini kabisa. Huosha vyombo kwa mafuta, hushika taa, huleta spana aliyoitiwa, na hufungua boliti za magurudumu. Baada ya muda huachiwa kubadilisha oili na vichungi, kisha breki, shokomzoba na klachi. Kufungua injini huja mwisho, mwenye gereji anapokwisha kuridhika na mkono wake.

Faida ya njia hii ni kwamba kijana huona magari mengi mabovu kwa muda mfupi, huzoea kuzungumza na wateja, na huweza kuambulia chochote cha kula kila siku. Udhaifu wake ni kwamba hujifunza yale tu anayoyajua mkuu wake. Kama mkuu hukaza boliti za kichwa cha injini kwa kukisia nguvu za mkono, mwanagenzi naye hukisia. Chuoni hufundishwa kuzikaza kwa mpangilio maalumu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa sababu kichwa kilichokazwa vibaya hupinda, gasketi ikaungua na maji yakachanganyika na oili.

Usalama ni jambo jingine. Gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake halipaswi kuingiwa chini. Lazima liegemezwe juu ya vigango imara. Vumbi la breki halipulizwi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Mwanagenzi asiyeambiwa mambo hayo huyafahamu baada ya kuumia.

Njia ya chuo

Miongoni mwa vyuo vya umma vinavyofahamika Kampala ni Chuo cha Mafunzo ya Ufundi cha Nakawa, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ushirikiano wa serikali za Uganda na Japani. Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, hufundisha uhandisi wa magari katika ngazi ya shahada. Kati ya ngazi hizo mbili kuna vyuo vingi vya serikali, vya dini na vya watu binafsi.

Kwa kawaida, aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusomea cheti cha taifa kwa miaka 2. Stashahada huhitaji kidato cha sita chenye masomo yanayofaa, au cheti cha taifa kilichotangulia. Kwa hiyo aliyeanza na cheti hajafungiwa mlango wa kupanda juu.

Darasani mwanafunzi husoma hesabu, uchoraji wa kiufundi, sayansi ya metali na umeme wa magari. Hujifunza kupima uchakavu wa silinda kwa maikromita na kulinganisha kipimo hicho na kile cha mtengenezaji. Sehemu ya masomo hufanyika katika gereji au kampuni ya nje. Pengo kubwa hutokea chuo kinapokuwa na injini moja ya kufundishia na wanafunzi wengi wanaoizunguka: mwanafunzi anaweza kuhitimu akiwa ameiona kazi bila kuigusa.

Kupimwa kwa ujuzi uliokwisha kupatikana

Kwa fundi aliyekaa gerejini miaka 10, swali si kujifunza, bali ni kuthibitisha anachokijua. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 iliweka mfumo wa taifa wa sifa za ufundi, ambao hupanga ujuzi kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya mtu anayefanya kazi za msingi chini ya uangalizi, na zinazofuata humtaka atambue tatizo mwenyewe na kuwasimamia wengine. Idara ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, ndiyo iliyopewa kazi ya kutahini kwa mfumo huo. Sheria mpya ya mwaka 2025 ilikusanya kazi za utahini wa ufundi chini ya bodi moja iitwayo UVTAB.

Chini ya mfumo huo kuna hati ya mfanyakazi, inayoorodhesha kazi ambazo mtu amethibitisha kwa mikono yake kuwa anaziweza. Mtahiniwa hupewa gari au sehemu ya gari, vifaa na muda, na mtahini hutazama hatua zote: uchaguzi wa vifaa, usalama, mpangilio wa kazi na matokeo. Anayeshindwa sehemu moja hubaki na sifa ya zile alizofaulu.

Hati hiyo ina uzito wake. Kampuni za usafirishaji, mashirika na ofisi za serikali huajiri kwa karatasi, na fundi hodari asiye nayo huishia kufanya kazi ileile kwa malipo ya kibarua.

Kompyuta na umeme mkubwa

Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingizwa kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Matokeo yake ni kwamba magari yanayoingia sasa yana kompyuta nyingi kuliko yale ambayo mafundi wakongwe walijifunzia.

Kifaa cha kusomea kompyuta huchomekwa chini ya dashibodi na kutoa namba ya hitilafu. Namba P0301, kwa mfano, husema kwamba silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haisemi ni kwa nini. Huenda plagi imechakaa, koili imekufa, nozeli imeziba, au mgandamizo wa silinda umeshuka. Fundi asiyefundishwa hubadilisha kimoja baada ya kingine kwa fedha za mteja. Aliyefundishwa huhamisha koili kwenda silinda nyingine, akatazama kama hitilafu imeifuata.

Magari ya haibridi, kama Toyota Prius iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, yana betri kuu yenye umeme wa zaidi ya volti 200, unaoweza kuua. Nyaya zake hufunikwa kwa rangi ya chungwa ili zitambulike. Fundi huzima gari, huondoa plagi ya usalama akiwa amevaa glavu maalumu, husubiri muda uliowekwa na mtengenezaji, kisha hupima kwa mita kabla ya kugusa. Uganda yenyewe imeingia katika magari ya umeme: Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la Kiira EV mwaka 2011, na basi la Kayoola linalotumia jua lilifuata mwaka 2016.

Lugha na wageni

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Hata hivyo, gereji za Kampala huzungumza zaidi Kiganda, na vyuo hufundisha kwa Kiingereza. Kijana kutoka Kongo anaweza kuwa hodari wa kazi na bado akashindwa kusoma swali la mtihani. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi, lakini atafanya vyema kujifunza majina ya vifaa na vipimo kwa Kiingereza mapema, na kuulizia kabla ya usajili kama upimaji wa vitendo unaweza kufanywa kwa lugha anayoielewa.

Anayetazamia kuhama ajue kwamba cheti cha Kampala hakikubaliwi moja kwa moja kila mahali. Nchi nyingi hulinganisha kwanza sifa na uzoefu na viwango vyao. Barua za waajiri zenye tarehe na aina ya kazi, stakabadhi za malipo na picha za kazi ni ushahidi ambao ni rahisi kuuhifadhi leo kuliko kuutafuta baada ya miaka.

Maswali kabla ya kulipa ada

Je, chuo kimesajiliwa, na cheti chake hutolewa na bodi ya taifa au na chuo chenyewe? Ni wanafunzi wangapi hutumia injini moja? Je, kuna kifaa cha kusomea kompyuta na gari la haibridi la kufundishia? Nani humtafutia mwanafunzi mahali pa mazoezi ya kazi? Je, ada inajumuisha mtihani, ovaroli na viatu vya usalama?

Kwa anayeingia gerejini, maswali ni machache lakini yana uzito uleule: atajifunza kwa muda gani, atalipa au atalipwa nini, nani atagharamia matibabu akiumia, na kama mkuu wa gereji atakubali kumwandikia barua siku atakapokwenda kupimwa. Majibu hayo yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya shahidi kabla kijana hajakabidhiwa spana.