Ngoma na Kitabu katika Jimbo Letu

Katika seminari husikika neno hili: mpenda ngoma na mizaha hapendi kitabu. Sisi tuliosoma huko tulilisikia, na wengine wetu tulilisadiki. Lakini historia ya jimbo letu la Kalemie-Kirungu yasema neno lingine.

Tumtazame kwanza Padri Stefano Kaoze, mwana wa Marungu. Mwaka wa 1910, angali mseminari, maandiko yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalianza kupigwa chapa katika gazeti La Revue congolaise. Upadri alipewa tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, ndiyo Kirungu, kwa mikono ya Monsenyeri Roelens. Akawa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Kilatini alikijua, filozofia aliijua. Lakini mambo ya watu wake aliyasoma katika kitabu gani? Hakikuwapo. Aliandika hata historia ya Bena-Kilunga, na historia ya namna hiyo hukaa kwa wazee. Mzee wa kwetu haisomi kama barua ya serikali: huisimulia motoni, katikati ya mithali, wimbo na utani wa koo, na watu hucheka. Mwanafunzi anayeona haya kucheka atakosa nusu ya ushuhuda. (Nusu ya pili yataka tumbako.)

Wa pili ni Joseph Kiwele, aliyezaliwa Mpala mwaka wa 1912. Yeye alipita seminarini, akatoka, akawa mwalimu wa muziki Elisabethville. Kazi yake haikuwa mchezo. Ufundi wa sauti nyingi, ulioletwa na wamisionere, aliuunganisha na uimbaji wa kwetu, akatunga Missa Katanga. Mwaka wa 1960 akawa waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga, akaitungia wimbo wa taifa. Hapo tusifiche kitu: Waluba wengi wa kaskazini, hata upande wetu huu, waliikataa serikali ile, damu ikamwagika. Wimbo ule haukuwa wao, hata ukiwa umetungwa vizuri namna gani. Kiwele alikufa mwaka wa 1961.

Basi hatusemi kwamba ngoma hutakasa kila kitu. Tena mseminari anayekimbilia ngoma kwa kuwa teolojia imemshinda, asijifunike kwa jina la Kaoze. Kaoze alimaliza masomo yake yote, miaka mingi, kwa lugha za wageni.

Jambo moja latuumiza kidogo. Misa ya upadrisho wake ilikuwa ya Kilatini, na hakuna aliyecheza mbele ya altare. Alifariki Albertville, ndiyo Kalemie, mwaka wa 1951. Mtaguso ulisifu muziki wa mataifa mwaka wa 1963, na Misali yetu, yenye kuruhusu watu kucheza wakati wa Utukufu, ilikubaliwa na Roma mwaka wa 1988. Tangu upadri wake, miaka 71 ilikuwa imepita.