Mkutano wa Kikuyu na Neno "Ushirika"

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku Uganda tumezoea kuwatajia wanafunzi mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, pale Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano mwingine, uliotangulia huo kwa miaka 15, hatuutaji sana kwa kuwa ulihusu makanisa wala haukuhusu lugha. Hata hivyo askofu aliyeuongoza alitoka kwetu, na ugomvi uliozuka baada yake uligusa neno tunalolitumia kila siku darasani.

Mkutano huo ulifanyika mwezi Juni 1913 huko Thogoto, Kikuyu, katika misioni ya Kanisa la Scotland. Walikusanyika wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, Wapresbiteri wenyeji wa mahali pale, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengineo. Mwenyekiti alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Uganda. Kabla ya kupewa uaskofu mwaka 1912, Willis alikuwa ameanzisha kazi ya misioni Maseno. Na yafaa tukumbuke kwamba Nyanza ilikuwa sehemu ya dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Basi mambo ya Kenya hayakuwa mambo ya ugenini kwake.

Ni shida gani iliyowakutanisha? Jibu limo katika reli. Njia hiyo ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo vijana walianza kusafiri kutafuta kazi mijini na katika mashamba ya walowezi. Wamisionari walikuwa wamegawana nchi, huyu bonde hili, yule mlima ule, hata dhehebu la mtu likategemea kilima alichozaliwa. Kijana aliyebatizwa na Wapresbiteri alipofika Mombasa alilikuta kanisa lenye desturi nyingine, kitabu kingine cha sala, na pengine mchungaji asiyejua kama ampokee au asimpokee. Twaweza kusema kwamba Mwafrika alirithishwa magomvi ya Uingereza ya karne nyingi bila kuelezwa chanzo chake. Huku kwetu Buganda jambo hilo lilikuwa limekwisha kumwaga damu: mnamo Januari 1892, pale Mengo, wafuasi wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walipigana kwa bunduki, nao waliitana Waingereza na Wafaransa, ijapokuwa wote walikuwa Waafrika.

Shauri la Kikuyu lilikuwa kuunda shirikisho la misioni. Wote wangekubali Biblia na Imani za kale za Kanisa, wangeheshimiana mipaka, wangewapokea waumini wa wenzao wanapohamia kwao, na wangehubiri katika makanisa ya wenzao. Lengo la mbali lilikuwa kanisa moja la Kiafrika. Jambo moja halina budi kusemwa: mkutano ule ulikuwa wa wamisionari, na wale waliokuwa wakiamuliwa habari zao hawakuwa na kura.

Siku za mwisho ilifanyika ibada ya Chakula cha Bwana ndani ya kanisa la Waskoti. Mhubiri alikuwa Mskoti, na aliyeiongoza ibada kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana alikuwa W. G. Peel, Askofu wa Mombasa. Wajumbe wengi wasio Waanglikana walikwenda mezani wakapokea mkate na divai.

Habari ilipofika Unguja ilimkuta Frank Weston, askofu wa huko tangu mwaka 1908, mtu wa misioni ya UMCA aliyeijua Afrika tangu 1898. Weston alikasirika sana. Aliandika barua ya wazi akauliza Kanisa la Kianglikana linasimamia nini hasa, kisha akamwomba Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awahukumu maaskofu wa Uganda na Mombasa kwa kosa la uzushi na mafarakano. Magazeti ya London yakajaa jina la Kikuyu, ambalo wasomaji wake wengi hawakupata kulisikia hapo kabla.

Wako wanaomchora Weston kama mtu wa roho nyembamba. Sisi hatuoni hivyo. Kwake, meza ile ilikuwa alama ya umoja uliokwisha patikana, si njia ya kuutafutia umoja. Kula pamoja huku watu wakitofautiana juu ya uaskofu na ukuhani kulikuwa kusema lisilo kweli. Tena aliishi kati ya Waislamu, akaona kwamba kanisa lisilojua linaamini nini halitasikilizwa hapo. Na huyu ndiye aliyewaongoza wapagazi wa Unguja katika vita vya Afrika Mashariki, na mwaka 1920 akaandika kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe juu ya kazi za kulazimishwa. Hakuwa mtu wa kuogopa wakubwa.

Hapa ndipo neno letu linapoingia. Kwa Kiingereza wagombanaji walikuwa na maneno kadhaa: moja la kushiriki mezani, jingine la urafiki wa waumini, jingine la mashirika kufanya kazi pamoja. Kiswahili kilikuwa na shina moja, *-shiriki*, lenye asili ya Kiarabu, likaitwa kuyabeba yote: Ushirika Mtakatifu, washirika wa kanisa, ushirikiano wa misioni, shirika lenyewe. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mtu aliye mshirika anyimwe ushirika kwa sababu gani? Na shina hilohilo lina tawi la pili. Muislamu anapotaja *shirki* ana maana ya kumshirikisha Mwenyezi Mungu na kingine, dhambi isiyo na mfano kwake. Ndiko tulikopata *ushirikina*. Neno moja, basi, hutaja jambo takatifu na jambo la kutisha, kutegemea nani anashirikishwa na nani. Mwanafunzi akilielewa hili atakuwa ameijua sehemu kubwa ya historia ya pwani.

Kamati iliyomshauri Askofu Mkuu ilikutana mwaka 1914, na jibu lilitolewa 1915, wakati Ulaya ilikuwa vitani. Maaskofu hawakuhukumiwa, bali ibada ya namna ile haikupasa kurudiwa. Waingereza wenyewe walitania kwamba tendo la Kikuyu limempendeza Mungu mno, kwa hiyo lisifanywe tena kamwe.

Mwaka 1918 wakakutana tena Kikuyu, na safari hii Weston alikuwapo. Alileta shauri lake: wachungaji wasiowekewa mikono na askofu wakubali kuwekewa, naye angekuwa tayari kupokea kutoka kwao kibali chochote walichokiona kinapungua kwake. Halikukubaliwa. Kilichopatikana kilikuwa kidogo kuliko ndoto ya 1913, yaani Umoja wa misioni nne: CMS, Waskoti, Wamethodisti na Africa Inland Mission. Matunda yake yanajulikana kwa kila mwalimu wa Kenya, maana mwaka 1926 Umoja huo ulifungua Alliance High School palepale Kikuyu. Jina la shule ni jina la mapatano yale. Walioshindwa kula meza moja waliweza kuwafundisha watoto katika darasa moja.

Katika kitabu nako kazi ilichukua muda. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, aliweka msingi wa tafsiri ya Kiunguja, na Biblia nzima ikatoka 1891. Mombasa haikuridhika, ikatoa yake kwa Kimvita mwaka 1914, kwa lahaja isemayo *ndia* na *mato* pale Unguja isemapo *njia* na *macho*. Kisha Mlutheri Karl Roehl akatoa ya tatu mwaka 1937, akijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu. Hofu ya Kiarabu haikuwa ya Roehl peke yake: Askofu Tucker wa Uganda alikwisha andika mwaka 1908 kwamba lugha moja kwa Afrika ya Kati ni jambo la kutamanika, lakini Mungu apishe mbali isiwe Kiswahili. Madeni ya maoni hayo tunayalipa hadi leo katika shule zetu.

Biblia ya Muungano ilikamilika mwaka 1952, kwa Kiswahili sanifu, Waanglikana wa Unguja na wa Mombasa wakiwa wamepatana. Iliyaacha maneno ya Kiarabu mahali pake: imani, dhambi, rehema, sala. Kuunganisha makanisa yenyewe kulikuwa kugumu zaidi; mazungumzo ya miaka ya 1960 kati ya Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Afrika Mashariki hayakuzaa kanisa moja. Huku Uganda, Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi waliunda baraza lao la pamoja mwaka 1963.

Wakatoliki walikuwa wakiandika *Yezu Kristu*, Waprotestanti *Yesu Kristo*, na mwalimu aliyesahihisha insha alipaswa kujua mtoto anasali wapi kabla ya kutia wino mwekundu. Biblia ya Habari Njema, iliyokamilika miaka ya 1990, ilitayarishwa kwa ajili ya pande zote mbili. Nayo huchapishwa kwa namna mbili, yenye vitabu vya deuterokanoni na isiyo navyo. Anayeiagizia maktaba ya shule na aeleze anataka ipi.