Tanzia katika historia ya miji midogo ya Marekani

Tanzia ni habari ya kifo inayochapishwa gazetini. Miji midogo mingi ya Marekani ilikuwa na gazeti lake la kila wiki, na mara nyingi tanzia ndiyo maandishi pekee yanayosimulia maisha ya mkulima au fundi wa hapo: alikozaliwa, mwaka aliohamia, kanisa lake, watoto aliowaacha. Hutegemewa hasa kwa miaka ya 1880 hadi 1900, kwa kuwa karibu orodha zote za sensa ya 1890 zilipotea baada ya moto uliotokea Washington, D.C. mwaka 1921.

Mtafutaji huanza na tarehe ya kifo, kwa mfano iliyo kwenye jiwe la kaburi, kisha husoma matoleo ya wiki mbili tatu zinazofuata. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka magazeti mengi ya zamani mtandaoni bila malipo katika mkusanyo wa Chronicling America. Mengine yamo kwenye maikrofilamu katika maktaba za mahali. Kutafuta jina kwa kompyuta hakutoshi, maana herufi zilizofifia husomwa vibaya na programu. Tena mwanamke aliyeolewa aliandikwa mara nyingi kwa jina la mumewe, hata jina lake mwenyewe lisionekane popote.

Wamarekani Weusi waliachwa nje na magazeti mengi ya Wazungu. Habari zao hutafutwa katika vitabu vya makanisa yao na katika magazeti yao wenyewe, kama vile Chicago Defender, lililoanzishwa mwaka 1905 na kuchapisha pia habari za miji ya kusini.

Umri na mahali pa kuzaliwa vilitajwa na ndugu wakiwa msibani, hivyo hukosewa mara kwa mara.