Jumba la Mwingereza Sebuleni kwa Mmarekani

Usiku wa Jumapili, tarehe 10 Januari 1971, televisheni ya umma ya Marekani ilizindua kipindi kipya, Masterpiece Theatre. Mwenyeji wake, Alistair Cooke, alikuwa mzaliwa wa Salford, Uingereza, aliyechukua uraia wa Marekani tangu 1941. Kabla tamthilia haijaanza, aliwaeleza watazamaji nani ni nani na mambo yalifikaje hapo. Kazi hiyo aliifanya hadi 1992, na Wamarekani wengi waliijua historia ya Uingereza kwa sauti yake.

Wapo wanaosema mapenzi ya Wamarekani kwa tamthilia hizi za Uingereza ni hamu ya ufalme walioukataa. Sikubaliani nao. Mwanzo wake ulikuwa ukata. Mtandao wa PBS, tunda la sheria ya utangazaji wa umma ya 1967, haukuwa na fedha za kutengeneza tamthilia kubwa wala haukuishi kwa matangazo ya biashara. Waingereza walikuwa na tamthilia hizo tayari, tena kwa lugha ile ile. The Forsyte Saga ya BBC, yenye sehemu 26, ilikuwa imekwisha kuthibitisha kwamba watazamaji wapo. Kituo cha WGBH cha Boston kikabisha hodi kwa kampuni ya mafuta ya Mobil, nayo ikakubali kugharimia, maana ilitaka jina lake litajwe pamoja na sanaa.

Ukata ulizileta tamthilia hizo, lakini haukutosha kuwafanya watu wazing'ang'anie. Kilichowanasa kilionekana Januari 1974, ilipowasili Upstairs, Downstairs, hadithi ya nyumba moja ya London kuanzia 1903 hadi 1930. Ghorofani waliishi akina Bellamy. Chini, jikoni, walikuwa mpishi, mkuu wa watumishi na wasichana wa kazi. Waliobuni hadithi hiyo ni waigizaji Jean Marsh na Eileen Atkins, ambao wazazi wao waliwahi kutumika katika nyumba za matajiri, na hilo linaonekana: jiko lile lina uhai kuliko sebule. Marsh mwenyewe aliigiza Rose, mtumishi mwenye wivu, fahari na uchungu wake, akatunukiwa tuzo ya Emmy huko huko Marekani.

Televisheni ya CBS ikaona biashara. Mwaka 1975 ilitoa Beacon Hill, tamthilia ya tajiri wa Boston na watumishi wake katika miaka ya 1920. Haikumaliza mwaka. Wapo waliolaumu uandishi, na huenda ulichangia, lakini naona kizuizi kilikuwa kirefu zaidi ya hapo. Marekani ilikuwa na watumishi wa Kiayalandi, ndiyo. Ila katika sehemu kubwa ya nchi hiyo aliyepika na kulea watoto wa wenye nyumba alikuwa mwanamke mweusi, binti au mjukuu wa waliokuwa watumwa. Mtazamaji hawezi kushuka jikoni mle bila kukutana na utumwa. Januari 1977, televisheni ya ABC ilipoonyesha Roots, tamthilia ya familia ya watumwa, kwa usiku nane mfululizo, taifa zima lilitazama, lakini hakuna aliyekaa pale kwa ajili ya kuburudishwa na vyombo vya fedha na adabu za mezani.

Nyumba ya Mwingereza iliondoa mzigo huo. Bwana na mtumishi wana rangi moja, na dhuluma iliyo kati yao ni ya watu wengine, ng'ambo ya bahari. Mmarekani aliweza kutafakari tabaka, jambo ambalo nchi yake hupenda kudai kuwa haina, pasipo kuulizwa habari za kwao. Tena tamthilia zenyewe zilikuwa hodari wa kufunika. Mwaka 1982 Masterpiece Theatre ilionyesha The Flame Trees of Thika, iliyotokana na kumbukumbu za Elspeth Huxley za utoto wake Kenya. Ardhi ya Wakikuyu inaonekana kwa macho ya mtoto wa walowezi: nzuri, ya ajabu, iliyo wazi kama inayongoja wageni. Sisi tunaojua mashamba yale yalivyopatikana hatuwezi kuitazama kwa utulivu ule.

Halafu kuna fedha. Mwaka 1895 Consuelo Vanderbilt wa New York, akilazimishwa na mama yake, aliolewa na Duke wa Marlborough, na hisa za reli zenye thamani ya dola milioni 2.5 zikavuka bahari pamoja naye kuliokoa jumba la Blenheim. Hakuwa peke yake. Mabinti wengi wa matajiri wa Marekani walinunuliwa vyeo namna hiyo. Mwandishi Julian Fellowes aliijenga tamthilia yake Downton Abbey, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Januari 2011, juu ya ndoa kama hizo: Lady Grantham, bibi wa jumba, ametoka Cincinnati, na mali yake ndiyo iliyolishika jumba lisianguke. Kumbe Mmarekani alipokuwa akilitazama jumba lile alikuwa akiitazama pia fedha ya kwao.

Mwaka 2022 Fellowes huyo huyo alihamia New York ya miaka ya 1880 kwa tamthilia ya The Gilded Age. Humo, katika nyumba ya bibi mmoja wa ukoo wa zamani, alimweka Peggy Scott, mwandishi kijana mweusi anayefanya kazi ya ukatibu, na mara watumishi weupe wakaanza kubishana juu ya kuwepo kwake mle.