Hataza ya Sauti

Mwaka 1966 mhandisi wa Kimarekani, Robert Moog, aliomba hataza ya kichujio cha sauti kilichoundwa kwa transista zilizopangwa jozi juu ya jozi, mithili ya ngazi. Alipewa mwaka 1969, na mwaka uliofuata kichujio hicho kikawa roho ya sinthesaiza ya Minimoog. Washindani wake, ARP, walikiiga; malalamiko yalipozuka, wakaishia kuunda kingine.

Wapo wanaoziita programu huria zinazoiga ala hizo wizi wa jasho la wengine. Wanasahau, ndugu msomaji, kwamba hataza ni mapatano: dola humlinda mbunifu kwa miaka kadhaa, naye huuachia umma mchoro wa kazi yake. Ya Moog ilikwisha mwaka 1986. (Jina ni jambo jingine; alama ya biashara haizeeki hivyo.)

Mwaka 2004 Antti Huovilainen wa Finland alichapisha njia ya kuikokotoa ngazi ile, pamoja na mikwaruzo ya transista zake, ambayo ndiyo utamu wenyewe. Hesabu hiyo imo leo ndani ya Csound, programu huria. Mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu huisoma, huirekebisha, wala hamwombi mtu ruhusa.